Tiketi ya mwendo kasi eneo la ujenzi, I-80 Pennsylvania, usiku, hakuna mfanyakazi anayeonekana: ilipwe au ipingwe?

Mwenda_Kusini

Wakuu, naomba majibu ya wanaozijua sheria hizi, si ya kubahatisha.

Tiketi ni ya Pennsylvania, barabara ya I-80, saa tano na nusu usiku. Rada ya polisi wa jimbo ilisoma maili 69 kwa saa mahali penye kikomo cha 55 cha eneo la ujenzi. Mapipa ya chungwa yalikuwa yamepangwa, njia moja imefungwa, lakini hakuna mtu wala mtambo uliokuwa ukifanya kazi mbele ya macho. Dereva ana CDL (leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara) ya Ohio na alikuwa na trela.

Ninachotaka kujua:
1. Faini ya mara mbili inahesabika hata kama hakuna mfanyakazi?
2. Akilipa mtandaoni leo, CDL inaguswaje?
3. Akiamua kuipinga, ushahidi gani una uzito, na unaombwa wapi?
4. Texas, Illinois na kwingineko ni hivyo hivyo?

Bwana_Mizani

Mkuu, usiumize kichwa. Amezidisha maili 14. Kosa zito la CDL linaanzia 15. Lipa, endelea na mzigo.

Koni_na_Mapipa

@Bwana_Mizani hapo kwenye 15 uko sahihi kwa sheria ya shirikisho, ila umesahau kwamba tiketi ni ya Pennsylvania. Jimbo hilo lina kizingiti chake: ukizidisha maili 11 ndani ya eneo la ujenzi lenye wafanyakazi kazini, ukasimamishwa na askari na ukapatikana na hatia, leseni inasimamishwa siku 15. Hakimu hana nafasi ya kukuonea huruma hapo, kwa sababu usimamishaji unafanywa na idara ya uchukuzi baada ya kupokea hukumu. Kwa mwenye leseni ya jimbo jingine, Pennsylvania inazuia haki ya kuendesha ndani ya mipaka yake, na taarifa inarudi nyumbani kwake. Siku 15 bila kukatiza Pennsylvania kwa dereva wa I-80, hebu fikiria. Na akipita humo kabla hazijaisha, hilo ni kosa jipya, tena baya kuliko la mwendo.

Kwa hiyo maili 14 siyo ndogo. Ingekuwa 10, ningekubaliana nawe nusu.

Sasa swali la 1, maana kesi yote imelala hapo. Pennsylvania inatofautisha eneo la ujenzi na eneo la ujenzi ambalo watu wako kazini. La pili ni ile sehemu tu ambayo wafanyakazi wa ujenzi, wa matengenezo au wa huduma kama umeme na maji wako barabarani au kwenye ukingo wake. Faini ya mara mbili na zile siku 15 zinafuata hili la pili. Mapipa yaliyoachwa yamesimama usiku kucha hayatoshi.

Na kuna alama ya kulitambua: mwanzoni huwekwa bango lenye taa nyeupe inayomulika. Taa ikimulika, watu wako kazini. Ikizimwa, kikomo cha 55 bado ni sheria na tiketi ya mwendo inabaki palepale, ila ule uzito wa ziada hauna pa kushika. Mwishoni kuna bango la kufunga eneo hilo. Hivyo swali la kwanza la kumuuliza dereva si "ulikuwa unakwenda ngapi" bali "taa nyeupe ilikuwa inamulika?"

Tahadhari: "sikuona mtu" si sawa na "hakukuwa na mtu". Kazi za lami kwenye barabara kuu hufanywa usiku makusudi, magari yakipungua. Wafanyakazi wanaweza kuwa maili 2 mbele ya mapipa ya kwanza, nyuma ya ukuta wa zege, au watatu tu kando ya gari la huduma ukingoni. Hao watatu wanatosha.

Faini yenyewe ni hesabu nyepesi. Kwenye kikomo cha 55 unaanza na dola 35, unaongeza dola 2 kwa kila maili iliyozidi 5 za mwanzo. Maili 14 toa 5 ni 9, mara 2 ni 18. Jumla dola 53, mara mbili dola 106. Juu yake zinakuja gharama za mahakama na tozo nyingine, ambazo mara nyingi ndizo zinazouma kuliko faini. Lakini anayetazama dola 106 anatazama upande usio na hatari.

Sheria_Barabarani

Nijibu swali la 2, kwa sababu "lipa mtandaoni" ndiko madereva wengi wanakoumia.

Kulipa ni kukiri kosa. Hakuna kulipa "ili waniache" halafu ukajieleza baadaye. Siku malipo yanapoingia, umepatikana na hatia, na mambo haya yanaanza kutembea:

Kwanza, kanuni za shirikisho zinamtaka mwenye CDL amjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu apatikane na hatia ya kosa lolote la barabarani, isipokuwa la maegesho. Hata kama alikuwa na gari lake dogo siku ya mapumziko.

Pili, kuzidisha maili 15 au zaidi ni kosa zito. Mawili ndani ya miaka 3, yakiwa ya matukio tofauti, CDL inafungiwa siku 60. Matatu, siku 120. Hapa 69 kwenye 55 ni 14, kwa hiyo kwa shirikisho bado si kosa zito. Chunga tu namba iliyoandikwa kwenye tiketi isije ikabadilika. Wapo askari wanaoandika namba ya chini kuliko waliyosoma, kwa hisani. Ukienda mahakamani ukamshambulia, anaweza kutoa ushahidi wa namba ya kwanza. Mwulize wakili kuhusu hilo kabla, si ukiwa umeshasimama mbele ya hakimu.

Tatu, usitegemee yale maafikiano ya "kaa miezi sita bila kosa, tutaifuta" au darasa la usalama barabarani. Kwa mwenye CDL mahakama zimekatazwa kuahirisha hukumu au kumpeleka kwenye programu ya kando ili kosa lisionekane kwenye rekodi yake. Kilichobaki halali ni kubadilisha shtaka kwa sababu ushahidi hautoshi. Kwa mfano, askari hawezi kuthibitisha kwamba wafanyakazi walikuwepo, basi shtaka linashushwa kuwa kutotii alama za barabarani. Tofauti ni kubwa: hapo kosa halifichwi, linaitwa kwa kile kinachoweza kuthibitishwa.

Kama tiketi ilitolewa pamoja na ukaguzi wa kando ya barabara, ripoti ya ukaguzi ina maisha yake mbali na mahakama. Kesi ikifutwa, kampuni au dereva apeleke hati ya mahakama kwenye DataQs, mfumo wa shirikisho wa kupinga rekodi zenye makosa, na kuomba rekodi irekebishwe. Haijirekebishi yenyewe. Watu wanashinda kesi halafu waajiri wapya wanaendelea kuliona kosa kwenye ripoti ya PSP (rekodi ya ajali na ukaguzi wa dereva wa lori).

Muda: Pennsylvania inatoa siku 10 za kujibu tiketi. Kukana kunafanyika kwa posta kwenda ofisi ya hakimu wa wilaya iliyoandikwa kwenye tiketi, na kwa kawaida unatuma dhamana inayolingana na faini na gharama, ambayo inarudi ukishinda. Ukishindwa pale, una siku 30 kukata rufaa mahakama ya kaunti, ambako kesi inasikilizwa upya tangu mwanzo.

Koni_na_Mapipa

Swali la 3. Nitaanza na mabango kwa sababu watu wanakimbilia rada na kusahau kilicho rahisi kukithibitisha.

Mwongozo wa taifa wa alama za barabarani una vipimo. Kwenye barabara kuu za mwendo kasi, bango la kwanza la onyo kabla ya kazi hukaa mbali: futi 2,640 hadi la pili, 1,500 hadi la tatu, kisha 1,000 hadi njia inapoanza kubanwa. Jumla futi 5,140, karibu maili nzima. Kwa maili 69 kwa saa unatembea futi 101 kila sekunde, kwa hiyo una kama sekunde 51 tangu bango la kwanza. Baada ya hapo ndipo mapipa yanakusukuma nje ya njia: upana wa njia mara kikomo cha awali. Njia ya futi 12, kikomo 65, ni futi 780 za mapipa yaliyopangwa mshazari.

Kwa nini haya yana maana? Kwa sababu kikomo kipya kinaanza kwenye bango lake, si kwenye bango la kwanza la onyo. Tiketi inayosema "I-80, maili fulani" lazima ilinganishwe na mahali bango la 55 liliposimama. Ikiwa askari alisoma rada wakati lori liko bado nyuma ya bango hilo, kikomo kilikuwa cha zamani. Tafuta: alama ya maili iliyo kwenye tiketi, umbali ambao askari anasema alisoma, na mwelekeo wa gari lake. Mara nyingi gari hupimwa futi mia kadhaa kabla ya pale liliposimamishwa, na kinachoandikwa ni mahali pa kusimamishwa.

Kingine ni rangi. Bango jeupe lenye maandishi meusi ni sheria. Kibao cha chungwa chenye namba ya mwendo, kilichowekwa chini ya alama ya kona au ya njia ya mchepuko, ni ushauri. Hakiandikiwi tiketi ya kuzidi kikomo (ila ukigonga kitu baada ya kukipuuza, usitegemee msaada wake). Picha ya dashcam (kamera ya kwenye kioo cha mbele cha gari) inayoonyesha kibao cha chungwa tu bila bango jeupe ni dhahabu.

Mahali pa kuomba:
– PennDOT (idara ya uchukuzi ya Pennsylvania), kwa ombi la haki ya kupata taarifa: mpango wa kupanga alama wa mradi huo, idhini ya kushusha kikomo, na kitabu cha kazi cha siku hiyo kinachoandika njia zilizofungwa na saa za wafanyakazi. Taasisi ina siku 5 za kazi kujibu, na inaweza kujiongezea 30. Andika alama ya maili, upande wa barabara, tarehe na saa. Ukiandika "ujenzi wa I-80" utajibiwa kwamba ombi halieleweki.
– Polisi wa jimbo: cheti cha upimaji wa rada chenye namba ya kifaa kilichotumika, kutoka kituo kilichoidhinishwa, na kipindi chake kiwe hakijapita siku ya kosa.
– Ofisi ya hakimu: nakala kamili ya tiketi. Soma maelezo ya askari. Je, ameandika kwamba eneo lilikuwa na watu kazini, au ameandika tu ujenzi?

Kama mradi uko kwenye Turnpike (barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania) na si I-80, ombi linakwenda kwa mamlaka ya Turnpike, siyo PennDOT.

Fundi_Rada

Naongezea upande wa kifaa.

Pennsylvania rada ni ya polisi wa jimbo tu. Polisi wa mji mdogo hawaruhusiwi kuitumia, wao wana vifaa vya kupima muda kati ya alama mbili. Hapa ni polisi wa jimbo, kwa hiyo mlango huo umefungwa.

Watu wanapenda hoja ya pembe: "askari alikaa pembeni, rada haikuwa imenyooka". Acheni. Rada iliyosimama pembeni inasoma mwendo mdogo kuliko halisi. Ukimweleza hakimu kuhusu pembe, unamwambia lori lilikuwa linakwenda zaidi ya 69.

Hoja yenye nguvu eneo la ujenzi ni utambuzi wa gari. Mwale wa rada unapanuka. Rada yenye mwale wa nyuzi 12, kwa umbali wa futi 1,000, inafunika zaidi ya futi 200 kwa upana, yaani njia zote na ukingo. Kinachorudisha mawimbi kwa nguvu ni bati kubwa, na kwenye foleni ya kubanwa njia malori yanafuatana. Rada haimchagui dereva, inatoa namba, halafu askari anaoanisha namba na gari. Kwa hiyo maswali ni haya: kulikuwa na magari mangapi ndani ya mwale? Aliona kwa macho lori gani likikaribia na akakadiria mwendo gani kabla ya kuangalia namba? Gari lake lilikuwa limesimama au linatembea? Likiwa linatembea, rada inaweza kushika lori la mbele badala ya ardhi, ikasoma mwendo wa polisi kuwa mdogo, na tofauti ikaongezwa kwako. Kifaa cha mwanga (lidar) ni kitu kingine kabisa: mwale wake kwa futi 1,000 ni kama futi 3. Ukikuta tiketi inasema kifaa cha mwanga, sahau hoja ya gari jingine.

Dashcam: hamisha faili siku hiyo hiyo. Kamera nyingi zinajiandika juu ya video za zamani. Na kabla hujaipeleka popote, iangalie nyumbani. Kama inaonyesha mwendo wa GPS kwenye kona ya picha, na pale pameandikwa 71, umeleta shahidi wa upande wa pili. ELD (kifaa cha kielektroniki cha kuandika saa za kazi za dereva) haitasaidia sana kuthibitisha mwendo, kwa sheria inaandika mahali kila baada ya saa 1 lori likiwa linatembea. Mfumo wa kampuni wa kufuatilia malori ndio wenye kumbukumbu za sekunde, na hizo pia zinakata pande zote mbili.

Mwenda_Kusini

Asanteni sana. Nyongeza moja: kuna barua nyingine, ya kamera ya mwendo ya eneo la ujenzi, Pennsylvania hiyo hiyo, gari dogo la mke wa dereva. Hiyo nayo inagusa CDL?

Shemeji_wa_Harrisburg

Hapana. Barua ya kamera Pennsylvania inamwandama mwenye gari, si dereva. Haina pointi (alama za makosa kwenye leseni) na haiingii kwenye rekodi ya udereva, kwa hiyo zile siku 15 hazihusiki. Ya kwanza ni onyo tu, ya pili dola 75, ya tatu na kuendelea dola 150. Kamera inakamata kuanzia maili 11 juu ya kikomo na wafanyakazi wakiwepo. Isipuuzwe tu, hasa kama ilishapita ile ya onyo na anuani kwenye usajili wa gari ni ya zamani. Sababu za kuipinga ni chache: kwa mfano gari lilikuwa limeibwa, au lilikuwa limeshauzwa. "Sikuwa mimi niliyeendesha" peke yake haifui dafu.

Swali la 4, kwa kifupi maana kila jimbo lina yake:

Texas: faini ya mara mbili inahitaji wafanyakazi wawepo NA tiketi yenyewe iseme usoni kwamba walikuwepo. Hakuna maandishi hayo, hakuna kuzidisha. Lakini yakiwepo, hata mwenye leseni ya kawaida hapati darasa la kufuta tiketi.

Illinois: usitegemee hoja ya wafanyakazi kwenye faini. Kiwango cha chini ni dola 250 mara ya kwanza na 750 mara ya pili, wafanyakazi wawepo wasiwepo.

Georgia: kuanzia dola 100 hadi 2,000, na sheria inaruhusu kifungo hadi miezi 12. Huko usiende bila wakili.

New York, kamera: dola 50, 75, kisha 100 ndani ya miezi 18, kwa kuzidi zaidi ya maili 10.

Maryland, kamera: tangu 2025 inapanda kwa ngazi kulingana na maili ulizozidisha, dola 60 hadi 500, na zinazidishwa mara mbili wafanyakazi wakiwepo, yaani hadi 1,000. Walikaza baada ya ajali ya I-695 ya Machi 2023 iliyoua wafanyakazi sita.

Bwana_Mizani

Nimekubali, siku 15 sikuziweka kwenye hesabu. Ila semeni ukweli: wakili wa kesi ya dola 106 si ataila faini mara nne?

Sheria_Barabarani

Ataila, ndiyo. Linganisha na mapato ya nusu mwezi, usilinganishe na faini. Kama taa nyeupe ilikuwa inamulika, tiketi imeandikwa vizuri na cheti cha rada kipo, wakili hatafanya miujiza, kazi yake itakuwa kuzungumza na askari. Kwa hakimu wa wilaya mara nyingi ni askari mwenyewe anayeendesha mashtaka, na mazungumzo hufanyika nje ya chumba kabla ya kuitwa. Tafuta wakili wa kaunti hiyo, anayefahamika kwenye ofisi hiyo ya hakimu. Wa Philadelphia kwa kesi ya Clearfield, kaunti ya mbali inayopitiwa na I-80, utamlipia safari tu.

Mwambie pia kwa uwazi nini kinatakiwa. Wengi wanasema "punguza pointi", wakili anapunguza maili hadi 12, na zile siku 15 zinabaki palepale. Ombi liwe hivi: maneno ya wafanyakazi kazini yaondoke kwenye shtaka, au kosa la mwendo liondoke kabisa.

@Mwenda_Kusini siku 10 zinahesabiwa tangu tarehe ya tiketi. Barua ya kukana itumwe kwa posta yenye risiti, na ombi la PennDOT litumwe siku hiyo hiyo, kwa sababu zile siku 30 za nyongeza zinaweza kumeza muda wote kabla ya kesi kusikilizwa. Tarehe ikifika na nyaraka hazijaja, omba kesi isogezwe kwa maandishi ukiambatanisha nakala ya ombi.